Tochi ya Mfukoni Iliyonigharimu Mtamba

Mwanzoni mwa miaka ya tisini serikali ilinituma Ogwedhi nikaangalie midomo ya ng'ombe. Sisemi hivyo kwa kujidharau; ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Ogwedhi iko mpakani, upande huu Migori na upande ule Narok, na siku ya soko mifugo hufika kwa mamia, kila mmoja akiwa na mwenyewe anayeapa kwamba huyu hajawahi kuugua hata mafua. Mimi nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, mtu wa Homa Bay mwenye cheti kipya na viatu vipya. Kwa kuwa daktari mwenyewe hakuwa na mazoea ya kufika huko, watu wote waliniita daktari. Sikuona haja ya kuwasahihisha.

Hakuna mnyama aliyetoka sokoni bila kibali, na sikuandika kibali kabla ya kuangalia kama ulimi na ufizi vina vidonda vya ugonjwa wa miguu na midomo. Hata saa sita mchana, jua likiwaka kama lina ugomvi na mtu, ndani ya mdomo wa ng'ombe ni giza. Serikali, ambayo hufikiria kila kitu, ilikuwa imenipa tochi. Ilikuwa ndefu kama mkono kutoka kiwikoni, ilikula mawe matatu makubwa ya betri, na uzito wake ulitosha kuua nyoka. Niliulia nyoka wawili, na kwa kazi hiyo sina lalamiko. Shida ilikuwa mdomoni mwa ng'ombe. Mkono mmoja hushika ulimi, wa pili hufungua taya, na tochi ile ilihitaji mkono wa tatu. Nilikagua orodha ya vifaa nilivyopewa. Mkono wa tatu haukuwemo.

Basi nikaamua kujinunulia tochi ndogo, ya kukaa mfukoni kila siku, nitakayoishika kwa vidole viwili vya mkono ule ule unaofungua taya. Sikumwuliza mtu. Mtu mwenye cheti anauliza nini kuhusu tochi?

Mjini Migori kulikuwa na mwenye duka aliyeuza saa, redio, wembe na vioo. Aliponiona nikitazama tochi zake alizikusanya zote akazisukuma pembeni, kama mtu anayeondoa watoto sebuleni mgeni akifika. Kisha akatoa kitu cha rangi ya fedha kutoka mfuko wake wa shati.

"Daktari, hii si tochi," akasema. "Hii ni mashine. Hapa inaandika. Hapa inamulika. Hapa juu iko na saa. Mtu kama wewe unabeba vitu tatu ya nini?"

"Imetoka wapi?"

"Japani, wapi tena?"

Ubavuni ilikuwa imeandikwa JAPEN. Niliiona hiyo E, sitasema sikuiona. Lakini mtu aliyekwisha kupenda kitu hukitafutia sababu, nami nikajiambia huenda wenyewe huko kwao ndivyo wanavyoliandika. Bei yake ilikuwa sawa na ya kuku aliyechoka. Niliibonyeza ikawaka. Nikabonyeza tena ikazima. Nikaridhika kwamba nimeifanyia uchunguzi wa kutosha. Miaka mingi baadaye nilikuja kugundua kwamba tochi zote duniani huwaka zikiwa dukani.

Siku ya soko iliyofuata nilisimama Ogwedhi nikiwa na mashine yangu kwenye mfuko wa koti jeupe, kisehemu cha juu kikichungulia ili wenye macho waone. Wanyama kumi wa kwanza ilifanya kazi vizuri. Kisha akaja mzee mmoja Mkuria, mwenye kofia ya sufu, akivuta mtamba mwekundu. Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ndhiwa, mtu wa tai hata sokoni, aliyetaka mtamba huyo wa kupeleka kwa wakwe kama mahari ya mtoto wake wa kiume. Walikuwa wamekwisha kukubaliana bei. Kilichobaki kilikuwa mimi.

Nikashika ulimi, nikafungua taya, nikaingiza tochi kwa vidole viwili kama nilivyoota siku zote. Ikazima. Nikaitikisa kidogo mle mle ndani. Ikawaka, ikazima. Nikaitikisa zaidi. Sasa, ulimi wa ng'ombe ni kama mkono. Hushika nyasi, huzungusha, huvuta. Ulimi ulichomoka mkononi mwangu, ukaizunguka mashine ya Japen, na nilichosikia baada ya hapo ni koo likimeza.

Nilibaki nimeinua vidole viwili vitupu. Mtamba alinitazama kwa macho mazuri yasiyo na hatia.

"Amemeza nini?" mwalimu akauliza.

"Tochi," nikasema.

"Tochi?"

"Ndogo."

Mama aliyeuza chai jirani na zizi alikuwa ameona kila kitu. Alipaza sauti ili wa upande wa mbuzi wasipitwe: "Daktari amelisha ng'ombe kalamu! Sasa kibali ataandika ng'ombe mwenyewe!"

Soko lote likahamia kwetu. Mwalimu alilegeza tai yake. "Mimi simchukui," akasema. "Nitawaambia nini wakwe? Kwamba nimewaletea ng'ombe wa stima?"

Mzee wa kofia hakuonekana kuwa na wasiwasi hata kidogo. "Alipoingia hapa hakuwa na tochi," akasema polepole, kama anayefundisha hesabu. "Sasa ana tochi. Ile bei ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe peke yake."

Watu walicheka, nami nilijaribu kucheka nao, lakini masikio yalikuwa yakiniwaka moto. Zaidi ya aibu kulikuwa na jambo ambalo wao hawakulijua na mimi nililijua. Chuoni tulifundishwa kwamba ng'ombe humeza kwanza na kutafuna baadaye. Chuma akikimeza hukaa katika tumbo la pili, ambalo limepakana na moyo, na siku moja ncha yake yaweza kupenya ikamwua. Mashine yangu ilikuwa na ncha. Ilikuwa kalamu. Nilimtazama yule mtamba akicheua kwa utulivu, nikaona kwamba huenda nimemwua kwa bei ya kuku.

Wazee watatu wa soko waliitwa. Walikaa juu ya magogo ya zizi, wakanisikiliza, wakamsikiliza mwalimu, wakamsikiliza mwenye ng'ombe, na hata mama wa chai akatoa ushahidi ambao hakuna aliyeuomba. Hawakuchukua muda. Mkubwa wao akaniambia, "Daktari, mtu haingizi mali yake ndani ya mdomo wa ng'ombe wa mwenzake kama hana nia ya kumnunua. Wewe ulianza kununua. Maliza."

Nilimaliza. Nilitoa pesa nilizokuwa nimeweka za baiskeli, nikawa mmiliki wa mtamba mwekundu na wa tochi yangu mwenyewe, vyote viwili katika ngozi moja. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, nilimgeuza uso wake ukaelekea jua, nikamfungua mdomo, nikamkagua, nikajiandikia kibali. Mwalimu alinunua mtamba mwingine, mweusi, nikamkagua kwa mikono miwili na macho ya kukodoa, huku yeye akinihesabu vidole kila nilipovitoa.

Siku tisa nilimfunga yule mtamba nyuma ya chumba nilichopanga, na siku tisa nilitembea nyuma yake na kijiti nikichambua alichoangusha. Mtumishi wa serikali, mwenye cheti. Majirani walinisalimia kwa heshima kubwa mno. Sikupata kalamu, wala saa, wala balbu. Lakini mtamba alikula, akacheua, akanenepa, na hakuonyesha dalili yoyote ya maumivu. Nikaanza kupumua.

Habari zilifika Migori kabla yangu. Mkubwa wangu wa kazi aliniita ofisini. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, na kiunoni alivaa mfuko mdogo wa ngozi ambao ndani yake mlikaa tochi nyeusi ya chuma, isiyozidi urefu wa kiganja. Alipewa na wazungu wa mradi mmoja kwenye semina. Kila mtu wilayani aliujua mfuko ule. Tochi yenyewe tulikuwa tumeiona labda mara mbili.

"Tatizo lako," akaniambia, "ni kupenda rahisi. Hii hapa ni chuma cha kutengenezea ndege. Bei yake ni mshahara wako wa miezi miwili." Aliitoa, akaipangusa kwa leso, akairudisha mfukoni, akafikiri, akaitoa tena. "Nenda nayo siku moja tu ya soko. Uone tochi ni kitu gani."

Nilitia sahihi karatasi mbili. Nikaibeba hadi Ogwedhi kama mtu aliyebeba yai la mbuni. Mbele ya ng'ombe wa kwanza niliibonyeza, haikuwaka. Nikaigonga kidogo kiganjani. Kimya. Nikajaribu kuifungua kifuniko, nacho kikagoma. Fundi wa baiskeli aliyekuwa karibu alikibana na koleo, akazungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kilipofunguka, unga wa rangi ya majani mabichi ukamwagika, na mle ndani mawe mawili yalikuwa yamevimba na kuoza, yamegandana na chuma cha ndege.

"Hii ilikufa zamani," fundi akasema. "Huyu mwenye nayo amekuwa akitembea na maiti."

Nilimrudishia mkubwa wangu tochi yake pamoja na ule unga, nilioufunga kwenye karatasi. Aliifungua karatasi, akaifunga tena.

"Ilikuwa nzima nilipokupa."

"Uliiwasha lini mara ya mwisho, mkubwa?"

"Tochi kama hii," akasema kwa uchungu wa kweli, "haiwashwi ovyo."

Hapo nikawa nimejifunza mambo mawili, kwamba tochi ya bei ya kuku haifai, na kwamba tochi ya mshahara wa miezi miwili nayo haifai. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na uwanja mpana, na mimi sikuwa na ramani.

Mwisho wa mwezi nilimswaga mtamba wangu hadi kwa dada yangu, karibu na Ndhiwa. Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka sita na aliacha shule darasa la saba. Alikuwa akienda kisiwa cha Remba kununua omena, wale dagaa wa ziwani, na kuja kuziuza Ndhiwa na Homa Bay. Nilimwambia nimemletea ng'ombe. Alifurahi. Nikamwambia ana tochi tumboni. Alikaa chini kwenye majani.

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alipopata pumzi aliniuliza, "*Owadwa*, ndugu yangu, uliinunua bila kuitia majini?"

"Majini kwa nini?"

"Uliiangusha?"

"Kwa nini niangushe kitu ninachonunua?"

"Kwa sababu utaiangusha," akasema. "Mkono wako umelowa mate ya ng'ombe, wangu umelowa samaki. Wewe unafikiri tochi inakaa dukani?" Akaingiza mkono kifuani akatoa tochi yake, kitu cha kijivu, kimekwaruzika kila mahali, kimefungwa kamba shingoni. Nilikuwa nimeiona mara mia. Sikuwahi kuitazama. "Nimeenda nayo Remba miaka minne. Imeanguka ziwani mara mbili. Tutaenda Homa Bay tukutafutie ya kwako."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, na dada yangu ni Msabato. Siku hiyo hagusi biashara hata ya chumvi. Tukangoja Jumapili. Jumapili tukafika Homa Bay, na mwenye duka alilolitaka alikuwa Mkatoliki, yuko Misani. Tukangoja tena. Ununuzi wa tochi yangu ulipitia makanisa mawili, na labda ndiyo sababu ulibarikiwa.

Mwenye duka aliporudi alitandaza tochi ndogo saba juu ya kaunta. Mimi niliipenda moja nyekundu. Dada yangu hakuzitazama rangi. Aliuliza kila moja inakula mawe gani. Tatu zilikula mawe madogo ya duara kama vifungo vya shati.

"Haya utayapata Ogwedhi?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi hizo ni mapambo." Akazisukuma.

Zilizobaki alizijaribu swichi kwa kidole gumba. Moja ilikuwa laini sana. "Hii itajiwasha mfukoni," akasema. "Utakuwa unamulikia koti." Akaisukuma. Nyingine aliimulika kwenye ukuta wa nyuma ya duka, tukaona mwanga mkali wenye shimo jeusi katikati. Alinionyesha lile shimo. "Kitu unachotafuta kitakaa hapo hapo. Kila siku." Hiyo ilikuwa ile nyekundu.

Zikabaki mbili. Dada yangu akamwambia mwenye duka, "Baba, fungua mdomo."

"Nifungue mdomo?"

"Huyu ndugu yangu ni daktari wa midomo. Fungua."

Mwenye duka, sijui kwa nini, alifungua. Dada yangu aliishika ya kwanza kwa meno, akainama, akamulika. Kisha akafanya hivyo hivyo kwa ya pili. "Hii ni nzito, taya inachoka," akasema. "Hii inakaa. Lakini jino lako la nyuma limeoza, baba, nenda hospitali."

Kabla mwenye duka hajafunga mdomo vizuri, tochi ya pili ilikuwa imeanguka kutoka kiunoni mwa dada yangu hadi kwenye sakafu ya saruji. Haikuanguka kwa bahati mbaya.

"Mama! Hii ni duka, si uwanja wa mpira!"

"Inawaka," dada yangu akasema, akiiokota. "Leta maji kwa ndoo."

"Nani atanunua kitu imeloa?"

"Mimi. Ikitoka ikiwaka nanunua bila kuomba upunguze. Ikizima, ungeniuzia takataka, na Misa ukiwa umetoka sasa hivi."

Maji yaliletwa. Tochi ilizama, ikakaa huko ikiwaka kama jicho la samaki, sisi watatu tumeinama juu ya ndoo kama tunaosoma habari njema. Ikatoka ikiwaka. Dada yangu aliifungua, akanionyesha mpira mwembamba wa kuzuia maji, na balbu ya akiba iliyofichwa chini ya springi. Ilikuwa ya rangi ya sufuria kuukuu. Bei yake ilikuwa ya kuku wanne wazima, na dada yangu, aliyeweza kubishania bei ya hewa, alitimiza ahadi yake akanyamaza. Nililipa. Nilitoka nayo mfukoni bila fahari yoyote. Nadhani hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kitu kizuri.

Huko Ogwedhi tochi hiyo ilifanya kazi wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeitaja. Niliishika kwa meno, mikono yangu miwili ikabaki huru, na tangu hapo sikula kitu sokoni kabla ya kusukutua kwa maji ya chumvi.

Halafu siku moja, mchana wa soko, nilisikia kelele katika hoteli ya mabati ambako watu hula ugali na samaki. Karani wa ushuru alikuwa amekwamwa na mwiba wa samaki wa ngege kooni. Karani huyu ndiye aliyezunguka sokoni akitoza kila kwato na kila kikapu, na hata mwenye kuku aliyekuja kumtembeza tu alilipa. Sasa alikuwa amesimama katikati ya meza, macho yamemtoka, mate yanamchuruzika, mikono shingoni. Hoteli ilikuwa imejaa watu, na sijawahi kuona umati uliotulia namna ile.

"Mpe ugali ameze," mmoja akasema.

"Mwache kwanza apumzike kuongea," akasema mwingine.

Mimi pia nilikuwa na kinyongo naye. Alinitoza ushuru wa ule mtamba, siku ile ile, wakati hata machozi hayajanikauka. Lakini nilimtazama usoni nikaona hofu, ile ya kweli, ambayo haina cheo. Nikamwambia mwenye hoteli alete kiti, nikamkalisha, nikamwinamisha kichwa nyuma. Mle ndani moshi ulikuwa mzito na mwanga hafifu. Nilifuta tochi kwenye shati, nikaishika kwa meno, nikambana ulimi kwa kijiko. Mwiba ulikuwa nyuma kabisa, mweupe, umesimama upande wa kushoto. Nilikuwa na koleo refu jembamba la kutolea miiba kwenye kwato, nikalimwagia maji ya moto ya chai mara mbili. Huyu hakuwa ng'ombe. Ng'ombe hawezi kufa mikononi mwako halafu ndugu zake wakakushtaki. Nikaingiza, nikakosa, akataka kutapika. Nikaingiza tena, nikashika, nikavuta.

Mwiba ulitoka mzima, urefu wa kiungo cha kidole. Karani alikohoa, akatema damu kidogo, akabaki ameshika koo. Watu walianza kurudi kwenye ugali wao, wengine wakiwa na nyuso za mtu aliyekosa usafiri.

Nilikuwa nikiosha tochi kwenye karai aliponiita. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Daktari. Hiyo tochi ulinunua pesa ngapi?"

Nikamwambia.

Aliitazama, akaitazama tena, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hapo uliibiwa," akasema, akaokota kitabu chake cha risiti, akatoka kwenda upande wa mbuzi.